Mchagua Jembe Ndiye Mkulima: Lugha Yetu na Nguvu za Kulimia Sondu

Miongoni mwa methali tulizokaririshwa tangu shule ya msingi, imo ile isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Walimu wetu waliifafanua kwa njia moja tu: mvivu hutafuta visingizio katika zana. Maana hiyo imeingia katika vitabu vya mazoezi na insha za mitihani, na hata sisi tuliofika chuo kikuu tunaendelea kuirithisha bila kuihoji. Makala haya yananuia kuihoji. Nadai kwamba swali la nguvu gani itumike shambani, iwe ni mikono ya mtu, shingo ya ng'ombe, injini au umeme, ndilo swali zito kuliko yote katika maisha ya mkulima mdogo wa Sondu na Nyakach kwa jumla, na kwamba lugha yetu, kuanzia methali hadi msamiati wa kitaalamu, imelipa swali hilo kisogo. Wanaotaabika kwa sababu hiyo ni watu ambao Kiswahili kinadai kuwasemea.

Nimeichagua Sondu kwa sababu nyingine zaidi ya kuwa ni nyumbani. Mji huu mdogo umekaa juu ya barabara itokayo Ahero kwenda Oyugis na Kisii, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Kando yake unapita mto ambao Wajaluo huuita Sondu na pia Miriu, unaokusanya maji ya Yurith na Kipsonoi kutoka nyanda za juu za Kericho na msitu wa Mau, kisha unateremka kwa kishindo hadi Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Katika mteremko huo ndipo kampuni ya KenGen ilipojenga kituo cha kuzalisha umeme cha Sondu Miriu kwa mkopo wa Japani. Ujenzi ulianza mwaka 1999, ukakwama kwa muda katikati ya mabishano kuhusu fidia, mazingira na fedha, na hatimaye kituo kikaanza kazi mwaka 2008. Maji huchepushwa na kupitishwa katika handaki lenye urefu wa kilomita 6 na ushei kabla ya kuporomoshwa juu ya mitambo miwili. Uwezo wake ni megawati 60. Maji yakishatoka hapo hayaachwi yapumzike; tangu mwaka 2012 yanazungusha mitambo ya kituo cha pili, Sang'oro, chenye megawati 21.

Tufanye hesabu kidogo, ingawa najua wengi wetu tuliikimbilia fasihi ili tuepukane na hesabu. Megawati 60 ni wati milioni 60. Mtu mzima mwenye afya anayefanya kazi ya mikono kutwa nzima hutoa takriban wati 75. Kwa hivyo mitambo ya Sondu Miriu, inapozunguka kwa uwezo wake wote, ni sawa na watu laki nane walioinama na kuinuka na majembe kwa wakati mmoja. Nguvu za watu laki nane hupita juu ya nyaya kuelekea Kisumu na gridi ya taifa. Chini ya nyaya hizo, mwezi wa Machi, mama mmoja anatifua robo ekari kwa wati zake 75.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba umeme wa Sondu ungebaki Sondu. Gridi ni mali ya taifa zima, na nyumba nyingi za Nyakach zimepata taa katika miaka ya karibuni. Ninachosema ni kwamba umeme huu haulimi. Unawasha taa, unachaji simu, unasaga mahindi baada ya kuvunwa. Lakini kazi zote zinazotangulia kuvuna, yaani kufyeka, kutifua, kupanda na kupalilia, haujazigusa. Hata neno lenyewe linatudanganya. Kwa Mkenya wa kawaida, kawi ni stima, na stima ni nguzo na bili. Wizara ya Kawi inapotajwa redioni, hakuna amfikiriaye maksai. Ilhali katika kilimo cha Afrika iliyo kusini mwa Sahara, umeme ndio mgeni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria, katika miaka ya 2000, kwamba asilimia 65 hivi ya nguvu zilizotumika kuandaa mashamba zilitoka katika misuli ya watu, asilimia 25 katika wanyama, na asilimia 10 tu katika injini. Lugha inayolitenga neno kawi na misuli imeiacha nje robo tatu ya kawi ya mkulima, na zaidi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maji ya bonde hilihili yaliwahi kufanya kazi ya mkulima moja kwa moja. Katika miaka ya 1930 na 1940, Wakipsigis wa nyanda za juu walijenga vinu vya maji kandokando ya vijito vyao na kusagia mahindi. Vilikuwa mali ya wenyeji, na mapato yake yalibaki palepale. Sitaki kuzipamba enzi za ukoloni, lakini mwanafunzi wa fasihi hawezi kuipuuza kejeli iliyopo: kijito kidogo kilimtumikia jirani yake, na mto mkubwa ukapita bila kumwamkia. Mipango ya awali kuhusu mto huu ilifungamanishwa na ndoto ya kumwagilia uwanda wa Kano, na pendekezo la bwawa la Magwagwa, juu zaidi mtoni, limekuwa likizungumzwa kwa miongo kadhaa. Umeme ulijengwa, mifereji ya Kano ikabaki katika makabrasha.

Na pale umeme ulipopelekwa shambani kweli, mambo hayakunyooka. Katika uwanda wa Kano ipo miradi ya mpunga ya Ahero, iliyoanza mwaka 1969, na Kano Magharibi, iliyofuata mwaka 1976. Ahero huvuta maji ya mto Nyando kwa pampu za umeme. Kano Magharibi huyavuta kutoka ziwani. Bili za pampu hizo zimekuwa donda ndugu. Miradi yote miwili ilisambaratika kuelekea mwanzo wa miaka ya 2000 kabla ya kufufuliwa baadaye katika muongo huohuo, na gharama ya umeme ingali wimbo wa kila msimu. Jirani yao, mradi wa Kano Kusini-Magharibi, huyaacha maji yateremke yenyewe kwa uzito wake. Hakuna pampu, hakuna bili ya pampu. Basi mkulima anayeuliza maji yangu yatasukumwa na nini, na kwa bei gani, anachagua jembe, na ni katika kuchagua huko ndipo tunapomtambua kuwa mkulima.

Tuwageukie maksai, maana wao ndio injini ya Nyakach. Soko la Sondu linajulikana kote Nyanza na Bonde la Ufa kwa mifugo. Mkipsigis huteremka na ng'ombe, Mjaluo huja kununua, na Mgusii haachwi nyuma. Lugha inayowaunganisha pale sokoni ni Kiswahili. Si Kiswahili cha kumbi zetu za mihadhara, bali ni Kiswahili kinachofanya kazi. Nimesimama mara nyingi pembeni mwa zizi la soko nikisikiliza. Mnunuzi hamwulizi muuzaji uzito wa mnyama. Anauliza: "Huyu anajua kazi?" Kisha: "Ni wa kulia ama wa kushoto?" Kwa maana maksai hufunzwa upande wake katika nira, na ukimhamisha anachanganyikiwa. Halafu atamshika nundu, ambonyeze shingo kutafuta kovu la nira, amtembeze aone kama anachechemea. Muuzaji akiwa na umri wa kumzidi ataitwa "mzee wangu", naye atamjibu "kijana yangu", na bei itashuka ama haitashuka. Mazungumzo hayo ni elimu kamili ya nguvu za kilimo, na yanafanywa kwa Kiswahili kila siku ya soko. Hakuna kamusi niliyoifungua inayoutendea haki msamiati huo.

Pale sokoni ndipo nilipoanza kuzitilia shaka baadhi ya methali zetu. Tunasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii imetungwa na mtu anayemtazama ng'ombe kwa jicho la maziwa na uzazi. Kwake dume ni mkosi juu ya mkosi. Msomee mkulima wa Nyakach methali hiyo uone atakavyokutazama. Kwake ndama dume ni nusu ya jozi. Akimhasi, akamlisha miaka mitatu na kumfunza pamoja na mwenzake, amepata mtambo wa kulimia shamba lake na la jirani kwa malipo. Ekari ambayo mtu mmoja huitifua kwa jembe la mkono kwa wiki kadhaa, jozi ya maksai waliofunzwa vyema huimaliza kwa siku mbili au tatu.

Neno nira nalo lina kisa chake. Wengi wetu tulikutana nalo kwanza katika maandishi ya dini, kisha katika vitabu vya historia na diwani za ukombozi: nira ya ukoloni, nira ya utumwa, nira ya ubeberu. Nimefanya uhakiki wa mashairi kwa miaka kadhaa na sikumbuki shairi hata moja ambamo nira ni kitu chema. Sitiari hiyo ni halali, sikatai. Lakini tazama ilivyogeuza mambo. Kwa mwanamke wa Nyakach, siku nira inapofungwa shingoni mwa ng'ombe ndiyo siku inapofunguliwa mgongoni mwake. Lugha yetu imekosa nafasi ya kulisema hilo kwa sababu sitiari imekwisha kukalia kiti chote.

Hapa sina budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa plau haikumletea mwanamke nafuu kamili. Ilipoenea Nyanza na katika nchi ya Wakipsigis katika kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia, iliingia mikononi mwa wanaume. Mume akaweza kulima eneo kubwa kuliko zamani; palizi ya eneo hilo kubwa ikabaki kwa mke, kwa jembe lilelile la mkono. Wajaluo walikuwa na saga, mkusanyiko wa majirani wa kulima au kupalilia shamba la mmoja wao kwa zamu na kisha kula pamoja. Saga ilikuwa pia chanzo cha nguvu, tena chanzo kisichohitaji majani wala mafuta. Lakini vijana wamekwenda Kisumu na Nairobi, watoto wako shuleni ipasavyo, na mama anapalilia peke yake. Vifaa vya kupalilia vinavyokokotwa na ng'ombe au punda vipo na vimejaribiwa nchini kwa miaka mingi. Havijaenea. Sababu ni nyingi, bei ikiwa mojawapo, ila iko moja inayotuhusu sisi: maelezo yake mengi yameandikwa kwa Kiingereza, yakimlenga afisa wa kilimo, si yule atakayeshika mpini.

Fasihi yetu nayo ina deni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waandishi wengi wa Tanzania waliliinua jembe hadi likawa nembo ya utu, na mwangwi wa sifa hizo ulitufikia Kenya kupitia vitabu vya kiada. Lilikuwa jambo la heshima kumtukuza mkulima wakati wakoloni walikuwa wamemdharau. Hata hivyo, kutukuza jembe na kumtukuza mkulima ni mambo mawili. Mwezi wa Juni mwaka 2015, katika mkutano wa Umoja wa Afrika jijini Johannesburg, Nkosazana Dlamini-Zuma, aliyekuwa mwenyekiti wa kamisheni ya umoja huo, alizindua kampeni ya kulipeleka jembe la mkono makumbushoni, na mwaka uliowekwa kuwa kikomo ni 2025. Mwaka huo umepita. Jembe liko Nyakach, halijaona mlango wa makumbusho, na kalamu zetu bado zinalipigia makofi.

Najua watakaonijibu kwamba ninatetea ukale. Kwamba dunia iko kwenye matrekta na pampu za jua, na mimi ninasimulia habari za ng'ombe. Pampu za jua naziunga mkono kwa mikono miwili, na katika mwambao wa ziwa zimeanza kuwafaa wakulima wa mboga. Kuhusu trekta, naomba tujikumbushe yaliyotokea Kongwa, Tanganyika, ambako Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walileta mitambo kwa wingi, udongo ukaishinda, na mwaka 1951 wakaondoka na hasara ya mamilioni ya pauni. Trekta si baya. Lakini shamba la Nyakach ya chini ni la ekari moja au mbili, limegawanywa kwa warithi, na udongo wake mweusi wa mfinyanzi hunata kama gundi ukilowa na hukakamaa kama saruji ukikauka. Siku za kulima ni chache, na katika siku hizo kila mtu anamtaka mwenye trekta huyohuyo mmoja. Mwenye shamba dogo huhudumiwa mwisho, mvua ikiwa imemtangulia.

Maksai nao wana matatizo yao, na mtetezi mwaminifu hayafichi. Msimu wa kulima huwakuta wakiwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa sababu kiangazi kimemaliza malisho. Ndigana huwaua. Na wanaweza kuibwa. Ghasia zilipozuka mpakani mwa Sondu mwaka 2023, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, wengi wetu tulizisoma kama habari za siasa na makabila. Zilikuwa pia habari za kawi. Soko likifungwa kwa hofu, Mjaluo hapati maksai, Mkipsigis hapati fedha, na shamba linakaa magugu msimu mzima. Amani ya Sondu ina bei inayohesabika kwa ekari.

Punda naye tumemsahau, kama kawaida. Punda afe mzigo ufike, ndivyo tusemavyo, na kati ya mwaka 2016 na 2020 tuliyatimiza maneno hayo kwa njia ambayo mtunzi wa methali hakuiwazia: machinjio yaliidhinishwa nchini, ngozi zikasafirishwa China, na punda wakaibwa usiku kutoka kwa wenye kuwategemea kuteka maji na kubeba mavuno. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na Umoja wa Afrika ukafuata kwa bara zima mwaka 2024. Nilitafuta kazi ya fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa katika kipindi hicho kwa upande wa punda, nikarudi mikono mitupu.

Sasa, sisi ni akina nani katika haya yote? Si wahandisi wala si maafisa wa kilimo. Lakini Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Katiba hiyohiyo ikaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kilimo. Sehemu hizo mbili hazijakutanishwa. Mwongozo wa kufunza maksai, wa kutengeneza nira isiyochubua shingo, wa kulinganisha gharama ya pampu ya umeme na ya jua, ungepaswa kupatikana kwa Kiswahili pale Sondu, mahali ambapo Mjaluo na Mkipsigis wanauziana mnyama mmoja. Hiyo ni kazi ya watu waliosomea tafsiri na istilahi. Tunazo tasnifu za kutosha kuhusu majina ya maduka na lugha ya mitaani, nami sizibezi, lakini kwa mwanafunzi anayehangaika kutafuta mada, zizi la soko la Sondu limejaa data na halidai ada.

Napendekeza chama chetu kianze na jambo dogo. Ziara ya kila mwaka ya wanachama, ambayo kwa desturi huishia Mombasa au Zanzibar kwa sababu ambazo sote tunazifahamu, ipelekwe mara moja tu Sondu. Twendeni na vinasa sauti na madaftari. Tukusanye majina ya sehemu za plau kama yanavyotamkwa na mafundi wanaozichomelea, amri anazopewa maksai wa kulia na wa kushoto, istilahi za kupima kina cha mtaro, na methali za Kijaluo na Kikipsigis kuhusu ng'ombe wa kazi, ili zisimame karibu na zile zetu za maziwa. Orodha hiyo tuichape katika jarida hili, tuwapelekee wachunguzi wa kamusi nakala moja, na nyingine tuirudishe sokoni kwa wenyewe. Wakati unaofaa ni mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika, wakati jozi zinanunuliwa na vijana wanazifunza kwa kuzivutisha magogo matupu njiani.